Mtito Andei: Nyaya zapita mlangoni, sauti za ughaibuni hazifiki

MJI wa Mtito Andei, ulioko takriban nusu ya safari kati ya Nairobi na Mombasa, umepitiwa na karibu kila njia ya mawasiliano ambayo Kenya imewahi kuijenga. Reli ya zamani ilifika hapa mwishoni mwa karne ya 19 ikiandamana na nyaya za telegramu. Ikafuata barabara kuu, kisha milingoti ya simu za mkononi, nyaya za faiba na, tangu mwaka 2017, reli ya kisasa yenye kituo chake mjini humo.

Hata hivyo, katika vijiji vya Kathekani, Ngwata na Kambu, na ng'ambo ya Mto Athi katika maeneo ya Kitui kama Ikutha na Mutha, wapo wazazi ambao hukaa siku nyingi na simu mkononi wakingoja sauti ya mwana aliye Riyadh, Dubai au Doha. Kwa nini mawasiliano yawe magumu katika enzi ambayo simu imeenea hadi malishoni?

Jibu la haraka ni kulaumu mtandao, na lawama hiyo ina msingi. Kabla ya mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na nchi za nje, huduma iliyokuwa ghali na ya polepole. Mwaka huo ndipo mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilipofika Mombasa, na mwaka uliofuata ukaja EASSy. Bei ilishuka na kasi ikaongezeka.

Lakini mikongo hukatika. Mnamo Mei 12, 2024, SEACOM na EASSy ilipata hitilafu kwa pamoja katika pwani ya Afrika Kusini, na watumiaji wa Afrika Mashariki wakakabiliwa na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Aliyekuwa akizungumza na jamaa yake siku hiyo hakujua kama ni bando limeisha, simu imeharibika au mwenzake amekata.

Tatizo la kina zaidi halimo baharini. Mkongo wa TEAMS unaanzia Fujairah, katika Falme za Kiarabu, na kuishia Mombasa. Yaani Kenya imeunganishwa moja kwa moja na eneo lile lile ambako maelfu ya vijana wake huenda kutafuta riziki. Ajabu ni kwamba Falme hizo zimezuia kwa miaka mingi simu za sauti na video kupitia WhatsApp, zikiruhusu programu chache zenye idhini. Saudi Arabia nayo iliondoa marufuku ya jumla ya simu za intaneti Septemba 2017 tu.

Kwa hiyo kijana aliyezoea kumpigia mamake kwa WhatsApp akiwa Nairobi hujikuta akijifunza upya akiwa Dubai. Lazima apate programu inayokubaliwa, kisha amtafute mtu kijijini wa kumwekea mamake programu hiyo hiyo. Ikiwa mama ana simu ndogo ya vitufe, ile iitwayo mulika mwizi, safari inaishia hapo. Linabaki tegemeo la simu ya jirani au ya mwenye duka, na mambo ya nyumbani yanasikika na kila mnunuzi wa sukari.

Teknolojia yenyewe haitulii. Skype, iliyokuwa mkombozi wa Wakenya wa Ulaya na Marekani katika miaka ya 2000, ilifungwa Mei 2025. WhatsApp nayo huacha mara kwa mara kufanya kazi katika simu zilizozeeka. Mzee aliyefundishwa mahali pa kubonyeza huamka siku moja akakuta pamehamishwa.

Kuna pia suala la namba. Siku hizi laini ya simu ya Kenya ndiyo ufunguo wa M-Pesa, wa benki na wa huduma za serikali za eCitizen, kwani namba za uthibitisho hutumwa huko. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye yaweza kupewa mtu mwingine. Mfanyakazi aliyeacha kadi yake nyumbani, au aliyekosa uwezo wa kuitumia ng'ambo, hurejea akiwa mgeni katika akaunti zake mwenyewe. Namba ambayo wazazi waliiandika ukutani huenda ikapokelewa na mtu asiyewajua.

Usumbufu huu ungekuwa kero ndogo kama usingegusa uhai. Mwaka 2021, Wizara ya Mambo ya Nje iliifahamisha kamati ya Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki nchini Saudi Arabia katika kipindi cha takriban miaka miwili, wengi wao ikielezwa kwamba moyo ulisimama. Mei 2025, shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyotokana na mazungumzo na zaidi ya wanawake 70 waliowahi kufanya kazi za nyumbani katika nchi hiyo. Ilieleza saa nyingi za kazi, kunyang'anywa pasipoti na, kwa baadhi yao, kunyang'anywa simu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini familia ya Mtito Andei haina njia ya kutofautisha kimya cha bando lililoisha na kimya cha binti aliyefungiwa ndani. Vyote viwili husikika vile vile: namba unayopiga haipatikani. Mwajiri mwovu hunufaika na ubovu wa mtandao, kwa kuwa wiki mbili za ukimya hazimshtui tena mtu.

Wakati huo huo, serikali inazihitaji mno fedha za watu hawa. Takwimu za Benki Kuu ya Kenya zaonyesha kwamba Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9 mwaka 2024, zikiwa zimepanda kutoka karibu dola bilioni 4.2 mwaka 2023. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, kupokea pesa kijijini kumekuwa kazi ya dakika chache. Ni jambo la kutafakari kwamba shilingi ya mfanyakazi hufika Kathekani kwa urahisi kuliko sauti yake.

Tofauti hiyo si ya bahati mbaya. Pesa zina wenye kuzilinda: benki, kampuni za simu na serikali yenyewe, ambayo kwa Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha ushuru wa ada za kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15. Sauti haina mlinzi wa aina hiyo.

Yapo mambo yanayowezekana bila kungoja mkongo mwingine. Kwanza, haki ya mfanyakazi kubaki na simu yake na kuitumia kila siku yafaa iandikwe waziwazi katika mikataba ya kazi na ya nchi kwa nchi. Pili, kampuni za simu zaweza kuwekewa sharti la kuhifadhi laini ya mtu aliyesajiliwa kuwa yuko kazini ng'ambo hadi mkataba wake uishe. Tatu, Idara ya Masuala ya Wakenya Walio Ughaibuni, iliyoundwa 2022, yaweza kupokea taarifa za ukimya kupitia ofisi za machifu, ili mzazi wa Mutha asilazimike kusafiri hadi Nairobi kuuliza habari za mwanawe.

Familia nazo zina wajibu. Kabla ya kijana kupanda ndege, na wakubaliane siku ya kupiga simu, programu mbili za kutumia na idadi ya siku za ukimya ambazo zikipita, taarifa itolewe. Nchi ambazo saa zake ni sawa na za Kenya, kama Saudi Arabia, hazina kisingizio cha usiku na mchana.

Maadamu hayo hayajafanywa, treni, mabasi na nyaya zitaendelea kupita Mtito Andei, huku mzazi akitoka nje kila jioni na kupanda kichuguu kutafuta mtandao, asijue kama anachokikosa ni mtandao au ni mtoto.