UCHOVU SI UVIVU, WALA SI UKOSEFU WA IMANI



Leo nianze kwa kutubu. Kuna dada kanisani mwetu anayeugua multipo sklerosisi, wengi huiita MS. Zamani alikuwa wa kwanza kufika kwenye kesha. Alipoanza kukosa, nilimwambia akemee roho ya uvivu. Alilia, akaenda nyumbani. Nilikosea.

Katika MS, kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Ujumbe wa ubongo hupita kwa shida, kama umeme kwenye waya uliochubuka. Wengi wa wagonjwa hawa huandamwa na uchovu. Mtu analala usiku kucha na kuamka amechoka. Joto likizidi, hali huwa mbaya zaidi. Na kwa macho huoni kitu, ndiposa tunamwambia, "Lakini mbona unaonekana uko sawa?"

Hapo ndipo moyo unaumia. Anaacha kwaya, anaacha chama, pengine hata kazi. Anajiona mzigo. Huzuni inamnyima usingizi, kukosa usingizi kunaongeza uchovu, na uchovu unarudisha huzuni.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya, ambaye aliomba moto ukashuka Karmeli, aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Aliporudi alimlisha mara ya pili, akakubali kwamba safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake.

Mimi naamini Mungu anaponya, na sitaacha kuwaombea wagonjwa. Lakini maombi yasiwe fimbo. Usimwambie mtu aache dawa ili athibitishe imani. Asiposimama wakati wa sifa, usimkodolee macho. Mwekee kiti karibu na dirisha. Ushirika wa nyumbani uende kwake: ombeni kidogo, mfulieni nguo, mwondoke apumzike. Na akisema kama Eliya kwamba amechoka kuishi, usimwachie mstari wa Biblia peke yake. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, na ukae naye.

Nilienda kumwomba msamaha. Aliniambia, "Pasta, sijamchoka Mungu. Ni mwili umechoka."

Mpendwa, kuna mtu uliyemwita mvivu? Mpigie simu leo.

Mungu awabariki. Amina.