Mweusi Mmoja Katika Bendi

Mvua ya alasiri huku Kabianga haibishi hodi. Jumamosi iliyopita ilitufungia ndani: mimi niliyetoka Nairobi kumjulia hali kaka yangu, mwanawe aliye katika shule ya upili, na wenzake wawili wa bendi. Bendi yenyewe ina gitaa moja lenye nyuzi tano, ngoma iliyoazimwa kanisani na ndoto chungu nzima.

Hebu nikutambulishie vijana hawa, msomaji. Mwana wa kaka yangu ni Mkipsigis, sawa na mimi. Wa pili ni Mkisii. Wa tatu ni Mjaluo aliyezaliwa katika nyumba za kampuni ya majani chai, ambako mamake huchuma. Kikipsigis chake kinanishinda mimi mwenyeji, niliyelowea mjini.

Kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, tulitazama filamu kwenye tarakilishi. Inaitwa Sing Street, ya John Carney wa Ireland, iliyotoka mwaka wa 2016. Ni hadithi ya wavulana wa Dublin wa mwaka wa 1985 wanaounda bendi, kisa na maana mmoja wao amependa msichana. Vijana wangu waliikodolea macho hadi chai ikapoa.

Kisha akaingia Ngig. Huyu ndiye mweusi wa pekee katika bendi. Wenzake wanakwenda kubisha kwao bila kujua kama anapiga chombo chochote; wanadhani tu kwamba mtu mweusi hakosi muziki. Kumbe kinanda anakijua. Tulicheka sote. Lakini filamu ilipoendelea niliona kijana Mjaluo ameacha kucheka. Mwishowe akauliza, “Shangazi, huyu atasema lini?”

Swali zuri. Ngig yumo katika picha, amevaa vizuri, anapiga kinanda chake, lakini maneno yake ni machache mno. Hatujui analala akiwaza nini. Mwana wa kaka yangu akamtetea mtengenezaji: angalau amemtia. Hapo Mjaluo akamgeukia, kwa upole tu, akasema, “Ndivyo mlivyonitia mimi. Mlinipa gitaa kwa sababu mimi ni Mjaluo na benga ni ya Wajaluo. Mimi ninataka ngoma.”

Kimya kilichofuata kilizidi kelele ya mvua juu ya mabati.

Nyumba za kampuni huku zimekusanya Wakipsigis, Wakisii, Waluhya na Wajaluo kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi, wafanyakazi wengi wasio wa huku walilazimika kukimbia mashamba ya chai. Wazazi wa kijana huyu walikuwa miongoni mwao, naye hajazaliwa. Walirudi. Ukimtajia kabila lake, hata kwa kumsifu, anasikia jambo ambalo wewe hulisikii.

Niliwasimulia filamu nyingine, Blinded by the Light ya mwaka wa 2019. Mwelekezi wake, Gurinder Chadha, alizaliwa hapa hapa Nairobi mwaka wa 1960, akalelewa London. Inamhusu Javed, mwana wa Wapakistani mjini Luton, Uingereza, mwaka wa 1987, aliyepagawa na nyimbo za Bruce Springsteen. Javed ana baba aliyepoteza kazi katika kiwanda cha magari, ana hasira, ana aibu, anakosea na kuomba radhi. Sisemi filamu hiyo ni bora kimuziki. Kwangu, Sing Street ina nyimbo tamu zaidi. Lakini Javed hakuwekwa pale kupamba bendi ya wenzake.

Na sisi Wakipsigis je? Katika filamu tukionekana ni tukikimbia mbio. Ilhali mwaka wa 1950 Hugh Tracey alikuja Kapkatet, Kericho hii hii, na mitambo yake ya kunasa sauti, akawakuta watu wakiimba kuhusu “Chemirocha”. Alikuwa ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika huku. Wasichana walimwimba kama kiumbe nusu mtu nusu paa. Mzungu kwa mara moja alikuwa ndiye mgeni katika wimbo wa wengine, naye pia hakuulizwa anasemaje!

Hilo liliwachekesha, nikashukuru. Mkisii, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza ni nani basi atakayepiga gitaa. Hakuna aliyejibu. Mwana wa kaka yangu alilichukua, akalijaribu, akatoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa.

Mvua ilipokatika walitoka na ngoma. Mjaluo ndiye aliyeibeba. Gitaa lilibaki juu ya kiti, na hadi ninapoandika haya bado wanabishana.