Kabla ya ndoa, muulize: tutapikia nini?



Msimu wa harusi umeingia na orodha za vyombo zinapita simu kwa simu. Seti za vikombe, mapazia, masufuria ya kung'aa, hotipoti za kila rangi. Tumezisoma nyingi, na nyingi hazina kitu cha kupikia. Inachukuliwa tu kwamba bi harusi atalikuta jiko la mkaa huko huko anakokwenda.

Sisi tunasema suala hili ndilo lingetangulia. Tanzania imeahidi kupunguza hewa ukaa kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na pale ambapo tungefika bila kufanya lolote. Upo pia mkakati unaotaka asilimia 80 ya wananchi wapikie nishati safi ifikapo 2034, na Rais Samia, mtoto wa Unguja, alilipeleka suala hilo hadi Paris mwezi Mei 2024. Maneno mazuri. Lakini mkaa hauwashwi mkutanini, unawashwa uani, na anayeupuliza ni mwanamke.

Madhara yake yanaanza msituni. Katika tanuri la udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Mti uliokuwa ukifyonza hewa ukaa umekatwa, na sehemu kubwa yake imekwenda na moshi kabla hujapika hata chai. Kisha kuna vifua vyetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Presha kuka ya umeme ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima mfululizo hula uniti moja. Haifiki hapo, kwa sababu ikishapata presha hujizima na kuwaka kidogo kidogo. Linganisha uniti hiyo na mkopo wa mkaa unaomaliza sufuria moja ya maharage au makongoro, halafu piga hesabu mwenyewe.

"Umeme ukikatika je?" Tunaikumbuka sana Unguja ya 2008, mwezi mzima gizani, na ile miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Umeme wetu bado unapita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na Pemba wanaupata kutoka Tanga. Siku hizi sehemu yake inatokana na maji ya Rufiji, bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, ingawa sehemu nyengine ni gesi asilia, kwa hiyo si safi wote. Weka na mtungi mdogo wa gesi pembeni. Nao si safi kabisa, lakini hautoi moshi wa kukutoa machozi.

Sasa, nani anunue? Wapo dada wanaotaka kuitia kwenye mahari. Inajuzu, mahari ni haki yako na unataja kitu halali chenye thamani. Sisi hatupendi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, vyombo vya kupikia vimo ndani ya matumizi anayodaiwa mume. Kwa nini ulipwe kwa haki yako moja kitu ambacho tayari ni haki yako nyengine? Mwambie walii wako aulize mapema, siku ile ile wanapozungumzia nyumba: tutapikia nini, na umeme wa kupikia atanunua nani? Mume anayeona uniti ni ghali, mtajieni bei ya gunia la mkaa.

Na ukimkuta mama mkwe na jiko lake, usiingie na amri. Mpikie bokoboko kwa presha kuka, ale kwanza. Kaa mbili tatu za chetezo mwachie, udi hauna mbadala. Pilau la harusi la masufuria makubwa nalo, kwa sasa, tuwaachie wapishi na kuni zao.