Mizani ya Umeme na Amana ya Kamati za Watumiaji

Malalamiko juu ya umeme hayana uhaba katika Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa. Husikika barazani, sokoni, mialoni na hata katika viwanja vya misikiti yetu: umeme umekatika bila ya taarifa, mashine ya kusaga imesimama, samaki wameharibika, nguzo imeinama tangu masika na hakuna aliyekuja kuitazama. Kilicho haba ni malalamiko yaliyoandikwa na kufikishwa mahali ambapo sheria imeagiza yasikilizwe.

Mahali hapo papo. Sheria ya EWURA ya mwaka 2001, pamoja na kuunda Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, iliunda pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa huduma hizo, ambalo wengi hulijua kwa jina la EWURA CCC. Baraza limepewa kazi ya kuwasilisha maoni ya watumiaji mbele ya Mamlaka na Waziri, kupokea na kueneza habari zinazowahusu, na kuunda kamati za watumiaji mikoani ili kushauriana nazo. Wajumbe wa kamati hizo hujitolea. Si maofisa wa TANESCO, wala si watumishi wa Mamlaka. Ni wananchi wanaolipa umeme na mafuta kama sisi.

Umuhimu wa kazi hiyo umezidi katika miaka ya karibuni. Zamani mkoa wetu ulitegemea zaidi majenereta ya dizeli, na mwenye taa alihesabiwa kuwa na bahati. Mwaka 2018 gridi ya Taifa ilifika Songea kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, yenye urefu wa takriban kilomita 250. Aidha, Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umefikisha nyaya katika vijiji vingi, na wateja wa miradi yake wamekuwa wakiunganishwa kwa shilingi 27,000. Hiyo ni neema kubwa. Lakini neema ikiwa haina mwangalizi huzaa dhuluma. Mjane asiyejua ada halali huangukia mikononi mwa vishoka, akatozwa mara nyingi zaidi, na asijue wa kumwendea.

Wapo wasemao kwamba kamati ya ushauri ni kazi bure, kwa kuwa haina uwezo wa kumwamuru mtu. Ni kweli kwamba haiamuru. Lakini tutazame jinsi bei ya umeme inavyopangwa. Mtoa huduma huomba, Mamlaka huitisha mikutano ya taftishi, na hapo Baraza husimama kwa niaba ya watumiaji. Mwaka 2016 TANESCO iliomba kupandisha bei kwa asilimia 18.19, baada ya taftishi EWURA iliidhinisha asilimia 8.53, nayo Serikali ikaizuia ilipokuwa ianze kutumika Januari 2017. Hatudai kwamba sauti ya watumiaji peke yake ndiyo iliyoleta hayo. Tunalosema ni kwamba ombi la mkubwa si amri mpaka lipimwe, na upande usioleta ushahidi hupimwa kwa ushahidi wa mwenzake.

Hapa ndipo penye udhaifu wetu. Songea iko takriban kilomita 100 kutoka Mbinga mjini, na kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 nyingine. Mvuvi wa Liuli au Lituhi anayenunua petroli ya mashine ya mtumbwi, na mkulima wa kahawa wa milima ya Umatengo, si rahisi wahudhurie kikao. Wasipopeleka habari zao, mjumbe atasema nini kwa niaba yao?

Kwa hiyo tunazinasihi kamati za misikiti mambo matatu. Kwanza, kila msikiti uteue mtu mmoja mwenye kuandika vizuri, aweke daftari la tarehe na saa za kukatika umeme, vifaa vilivyoungua, na namba ya taarifa iliyotolewa ofisi ya TANESCO ilipoarifiwa. Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma. Yasipotatuliwa ndipo hupelekwa EWURA, na asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Pili, tutunze risiti za LUKU na za mafuta. EWURA hutangaza kila mwezi bei kikomo za mafuta kwa kila wilaya, Mbinga na Nyasa zikiwamo. Anayeuziwa kwa bei ya juu zaidi bila ya risiti amejinyima ushahidi wake mwenyewe. Tatu, nafasi za kamati zinapotangazwa, waombe watu waaminifu miongoni mwetu, wanaume kwa wanawake, wala tusiziache kwa wanaotafuta cheo.

Mjumbe naye na akumbuke kwamba ameshika amana. Mita ni mizani ya zama hizi, na sote tunajua yaliyowapata watu wa Nabii Shuaib (A.S.) kwa kupunja vipimo. Mjumbe anayekubali kuwekewa nguzo kabla ya zamu yake, ili anyamaze juu ya wenzake, ameingia katika upunjaji huo huo. Tena hakuwekwa kwa ajili ya Waislamu tu. Giza la Mbinga halichagui nyumba, na haki ya jirani Mkristo katika daftari hilo ni sawasawa na haki yetu.

Kushauriana katika mambo yetu ni agizo tulilopewa kabla ya sheria yoyote ya Bunge. Mlango wa shauri uko wazi. Aibu itakuwa yetu tukibaki nje tukinung'unika.

Wabillahi Tawfiq.