Sumu ya Kifaduro

Juma lililopita jirani yangu hapa Sagana, mkulima wa kahawa, aliniuliza: "Bwana Karani, mtoto amemaliza dawa zote alizopewa. Mbona bado anakohoa mpaka anatapika?" Swali lake ni la haki, na jibu lake lamfaa kila mzazi.

Kifaduro huletwa na bakteria ambao Jules Bordet na Octave Gengou walifaulu kuwakuza mjini Brussels mwaka 1906. Njia yetu ya pumzi imetandikwa chembe hai zenye vinyweleo vidogo mno, vipepeavyo daima kama mpunga wa Mwea penye upepo. Kazi yao ni kufagia vumbi na makohozi kuelekea kooni. Bakteria hujishikiza papo hapo kwenye vinyweleo, kisha hutoa sumu. Sumu moja huziua chembe hizo zifagiazo. Nyingine huingia ndani ya chembe za mwili na kuvuruga amri ziziongozazo, hata askari wa damu hushindwa kufika mahali pa vita. Ufagio ukiisha kuvunjika, makohozi hukaa, na mtoto hana njia ya kuyatoa ila kukohoa.

Basi dawa huwaua bakteria, na humzuia mgonjwa asiwaambukize wenziwe. Lakini haiwezi kuzifufua chembe zilizokwisha kufa. Mwili hauna budi kuzijenga upya, na kazi hiyo huchukua majuma mengi. Shamba lililoliwa na nzige halichipui siku ile nzige walipoondoka.

Mtoto mchanga yumo katika hatari iliyo kubwa zaidi, kwani aweza kuacha kupumua bila hata kukohoa. Kwa hiyo kinga ndiyo bora. Katika Kenya chanjo ya kifaduro hutolewa pamoja na ile ya dondakoo na pepopunda, mtoto akiwa na umri wa majuma 6, 10 na 14.

Nilipomweleza hayo, jirani yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba nyumbani mwake mna kitoto kingine cha majuma 5. Nilimsihi asingoje siku ya chanjo, bali akipeleke kwa daktari siku ile ile, amweleze kuwa ndugu yake anaugua kifaduro. Alifunga duka la maneno, akaenda.