ULINZI WA MTAA: TUSUSIE HATA LINI?



Nataka kusema jambo ambalo baadhi yenu mtalichukia, na wengine mmekwisha kuniambia barazani pangu nisiliandike. Shehia yetu imeitisha mkutano wa kupanga ulinzi wa usiku, na wengi katika sisi wameazimia kutohudhuria, kwa hoja kwamba aliyeitisha ni Sheha, na Sheha si wetu.

Hoja hiyo si ya uongo. Sheha hakuchaguliwa na yeyote katika sisi. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1998 ilimpa Mkuu wa Mkoa mamlaka ya kumteua, na sheria iliyoshika nafasi yake mwaka 2014 haikulibadili hilo. Wenzetu wa Bara mwenyekiti wa mtaa humpigia kura; sisi huletewa. Wala Polisi haimo mikononi mwa Baraza letu la Wawakilishi, kwani Katiba ya mwaka 1977 imeiweka katika mambo ya Muungano. Na wako miongoni mwetu, khasa watu wa Pemba, ambao mlango ukigongwa usiku huikumbuka Januari 2001. Mtu kama huyo haamrishwi kuwa na imani.

Lakini mwizi hasusii. Dukani kwangu waliingia usiku mmoja karibu na Ramadhani, wakavunja kufuli mbili, wakachukua sukari, mchele na daftari la madeni. (Daftari liliniuma kuliko sukari, kwani tangu siku ile wadaiwa wangu wengi wamepoteza kumbukumbu.) Jirani wa chama chao na jirani wa chama chetu wote wawili walisikia kishindo, na hakuna aliyetoka. Mmoja alidhani ni vijana wa ulinzi. Mwengine aliwaogopa vijana hao hao.

Na vijana hao, nani aliwachagua? Nani aliwapa marungu, na kwa sharti gani? Kila mwezi tunatozwa pesa, na risiti sijaiona hata moja. Haya ndiyo ya kuulizwa mkutanoni, na asiyekuwapo hayaulizi.

Tazameni yaliyotokea Bara. Wasukuma na Wanyamwezi, walipochoshwa na wizi wa ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliunda sungusungu wao wenyewe, bila ya kungoja amri ya mtu. Serkali ndiyo iliyowafuata, ikawatambua kwa sheria mwaka 1989. Wizi ulipungua, lakini watuhumiwa walipigwa, na vikongwe walifukuzwa vijijini mwao kwa tuhuma za uchawi. Raia waliweza kujilinda. Kilichokosekana ni kanuni za kumlinda raia na mlinzi wake.

Basi nasema twende, na twende na karatasi yetu. Iandikwe kwamba kila zamu itembee na watu wa vyama vyote viwili, na majina yao yajulikane kila nyumba. Aliyekamatwa apelekwe kituoni saa ile ile, asipigwe, wala asiulizwe kadi yake ni ya chama gani. Hesabu ya pesa isomwe hadharani. Mwenye malalamiko juu ya mlinzi asilazimishwe kuyapeleka kwa Sheha peke yake. Na wanawake wawepo, wasiletewe khabari nyumbani, kwani wao ndio waendao mferejini alfajiri na wanajua njia ipi ina kiza.

Wako watakaosema kuhudhuria ni kumtambua Sheha. Mbona tunamwendea kila tutakapo barua ya kitambulisho, ingawa baadhi yetu hurudishwa mikono mitupu? Viongozi wa upinzani walikaa meza moja na Serkali, na Julai 2010 wananchi wakaikubali Serkali ya Umoja wa Kitaifa kwa kura ya maoni. Ikiwa Ikulu paliwezekana kukaa pamoja, mtaani kuna nini? Sisi tuliosoma chuoni tunajua imo katika Msahafu Sura iitwayo Shura, yaani mashauriano. Iitwayo Kususa sijaiona.

Karatasi yetu tukiikabidhi ikakataliwa, tutaichapa humu neno kwa neno, na kila mtu atajua nani hakutaka kanuni.

Mkutano ni Jumapili baada ya sala ya laasiri, katika kiwanja cha skuli. Siku hiyo nitafunga duka mapema.

Mwenye Duka