Pwani ni ya Wote

Mchezo wa kuteleza baharini kwa ubao unaovutwa na tiara umeshamiri Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, nyakati za kusi na za kaskazi. Unaleta wageni na ajira, nasi hatuupingi. Lakini ni katika maji hayo hayo ambamo akina mama wamekuwa wakilima mwani tangu 1989, na wavuvi hupita na ngalawa zao.

Kamba za tiara huwa na urefu wa meta 20 hivi. Upepo ukiishika tiara ghafla, kamba hizo zaweza kumkata mtu aliyeinama shambani, na ubao ukang'oa vigingi vya mwani. Ndiyo maana mchezaji mwenye adabu harushi tiara ikiwa kuna watu upande unakoelekea upepo.

Hata ndugu zetu wa Newala na Masasi, walio mbali na bahari na ambao kwa miaka mingi walihangaikia maji, wanajua kwamba kisima cha wote hutumiwa kwa zamu. Pwani nayo ni kisima cha wote.

Kwa hiyo tunawataka viongozi wa Wilaya ya Kusini na masheha wahakikishe kwamba sehemu za kurushia tiara zimewekewa maboya, mbali na mashamba, na kwamba wakulima wenyewe wameshauriwa kuhusu mipaka hiyo. Walimu wa mchezo nao wamfunze mgeni adabu kabla ya kumkabidhi tiara. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Asije mwenyeji akaumia.